Maelekezo kwa Asiyemjua

Fuatino aliponiletea barua yake ya mahakamani niliisoma mara moja tu, nikaikunja, nikamuuliza kama akili zake ziko sawasawa.

"Wee Fuatino, hii umeandika mwenyewe au umeandikiwa na adui yako?"

"Nimeandika mwenyewe, Mwalimu. Ina makosa?"

Makosa! Laiti ingekuwa na makosa. Ilikuwa barua safi, mistari imenyooka, hakuna neno lililokatwa. Ilianza kwa kumsalimu hakimu kwa heshima zake zote, ikamshukuru Mungu kwa kutuamsha salama, ikaomba radhi kwa uduni wa karatasi yenyewe. Halafu ikasema: "Mtoto wetu alikuwa mdogo na si mtu wa kuhesabika. Asiusumbue moyo wako mtukufu. Jambo lililotupata ni dogo, na sisi ni wadogo kuliko hilo jambo." Kisha baraka, kisha sahihi. Jina la Ruta halikuwamo hata mahali pamoja.

Ruta alikuwa binti yake wa pekee, wa miaka saba. Aligongwa na gari mbele ya duka la kijiji chetu cha Saleavao, akafa kabla ya kufika hospitali. Kijana aliyemgonga alikuwa amekiri kosa, ilibaki hukumu tu, na mwendesha mashtaka alikuwa amemwambia Fuatino kwamba mfiwa anaruhusiwa kuandika maneno yake na kuyasoma mbele ya hakimu.

Nilielewa alichokifanya. Mtu yeyote wa kisiwa chetu cha Savai'i angeelewa. Sisi tukimwekea mgeni nguruwe mzima tunamwomba radhi kwamba leo hakuna chakula. Tukimpa mkeka uliosukwa miaka mitatu tunamwambia apokee tambara hili. Mbele ya mkubwa unajishusha wewe na vyako vyote, na unachokithamini zaidi ndicho unachokishusha zaidi. Hakimu wa kwetu angesoma "si mtu wa kuhesabika" akainamisha kichwa. Lakini huyu alikuwa mgeni kutoka New Zealand, mwaka hajamaliza hapa, na karani angemtafsiria neno kwa neno.

"Huyo mzungu ataamini," nikamwambia. "Ataamini umefiwa na kuku."

Nilisema vibaya, najua. Ulimi wangu ndivyo ulivyo. Fuatino hakukasirika. Alikaa pale kwenye ngazi ya nyumba yangu akikunjua ile karatasi na kuikunja tena.

"Mimi sitaki yule kijana aozee jela," akasema. "Sitaki chochote kwao. Tangu tumzike, hakuna mtu aliyemtaja mwanangu. Hata mama yangu mzazi hamtaji. Nataka siku moja tu, mbele ya watu, asemwe. Wamjue alikuwa nani. Basi."

Ukimya huo ulikuwa na sababu yake. Kwetu kila jioni baragumu linapulizwa kwa ajili ya sala. Likilia, kila mtu awe ndani ya nyumba yake, na gari liwe limeshatoka kijijini au limesimama. Jioni ile Fereti, kijana wa kijiji jirani, alikanyaga mafuta ili apite kabla halijalia. Ruta alikuwa ametumwa kununua kiberiti, naye alitoka dukani mbio ili afike nyumbani kabla halijalia. Wote wawili walikuwa wanaliwahi baragumu lile lile. Fereti mwenyewe alimwinua mtoto, akamlaza kwenye kiti cha mbele, akakimbiza gari hospitali.

Kesho yake, jua halijachomoza, mkuu wa ukoo wao alikuja na Fereti wakapiga magoti kwenye nyasi mbele ya nyumba ya Mzee Mulipepe, shemeji yake Fuatino na mkuu wa ukoo wetu sisi. Walijifunika mkeka mmoja wa thamani, vichwa chini, mvua inawanyea. Ndiyo ifoga hiyo. Ukiwaacha chini ya mkeka, lolote linaweza kutokea. Ukiufunua, umesamehe, na tangu hapo jambo halitajwi tena na upande wowote. Mulipepe aliufunua. Hotuba zikatolewa, nzuri kwelikweli, chakula kikaliwa. Fuatino alikuwa nyumba ya nyuma anamwosha mwanawe, na hakuna aliyekwenda kumuuliza. Mumewe alikuwa kwenye mashamba ya matofaa huko New Zealand. Alikuja akazika, akarudi kazini.

Basi nikamwambia Fuatino arudi Jumatano, tutaandika upya.

Jumatano ndiyo siku ya darasa langu. Nilifundisha sekondari mpaka nikastaafu, nikadhani sasa nitalala mchana kama watu wengine. Wapi! Wanawake wa kamati ya kijiji wakaja kuomba niwafundishe kuandika maombi ya tangi la maji. Nikawaambia siwezi kumfundisha mtu aina moja ya maandishi kama vile kumfundisha kuvaa kiatu kimoja. Kwa hiyo wao wanasuka mikeka yao katika nyumba ya kamati, na mimi nazunguka katikati yao nikiwapigia kelele. Tangazo la msiba la redioni halilii, kazi yake ni kuwaambia watu waje lini na wapi. Ripoti haina "nadhani". Hotuba lazima ijue nani ameketi wapi. Simulizi ina mtu ndani yake anayetaka kitu.

"Na barua ya mapenzi, Mwalimu?" akauliza Seluia siku moja. Seluia ni mjane, ana mdomo, na ana jogoo mkorofi kuliko yeye.

"Hiyo tutasoma ukiandikiwa."

"Basi darasa hili litafungwa hatujaisoma!"

Somo walilolipenda kuliko yote lilikuwa la maelekezo. Fuatino aliandika jinsi ya kupika koko, kinywaji chetu cha kakao. Nikaleta jiko la mafuta nikafanya alichoandika, herufi kwa herufi. Aliandika, "Weka koko kwenye maji." Nikaitumbukiza koko pamoja na jani ilimofungwa. Aliandika, "Koroga." Nikakoroga moto haujawashwa.

"Ala! Mwalimu kawehuka!" Seluia akapiga kelele. "Kila mtu anajua kufungua jani!"

"Maelekezo hayaandikwi kwa anayejua," nikawaambia. "Yanaandikwa kwa yule asiyejua chochote, ambaye kitu kitakuwa mikononi mwake na wewe hupo."

Fuatino alicheka mpaka akajifuta machozi. Ruta alikuwa amelala mapajani mwake siku ile, mdomo wazi, unyasi wa mkeka umemnasa kwenye nywele. Kicheko cha mama kilimtikisa asiamke.

Sasa Jumatano hii wenzake walipoondoka nilimketisha peke yake. Nikamwambia, andika simulizi. Anza na "mimi". Mimi niliona, mimi nilisikia, mimi nilimzaa. Hakimu anataka kusikia mtu mmoja, hataki kusikia ukoo mzima.

Akaandika, "Sisi familia tulikuwa na mtoto."

"Mimi," nikasema.

Akakata, akaandika, "Ukoo wetu ulijaliwa."

"Mimi, Fuatino! Wewe! Nani alimnyonyesha, ukoo?"

Akaweka nukta, akatazama ile nukta muda mrefu. "Haitoki, Mwalimu. Nikiandika 'mimi' naona kama nimesimama mbele ya wakubwa nimevua nguo. Na nikianza kumsifu, naona nampandisha mwanangu juu ya watoto wa watu. Nikimshusha, unanigombeza. Sasa nimuweke wapi?"

Nilipaswa kunyamaza hapo. Badala yake nikapandwa na hasira, maana siku za kesi zilikuwa zimekaribia na nilikuwa na uchungu na yule mtoto kuliko nilivyotaka kuonyesha. "Basi kaisome ile ya kwanza!" nikamwambia. "Nenda kawaambie si mtu wa kuhesabika, wapate kusinzia vizuri."

Akakusanya vitu vyake, akaniaga kwa adabu zote, akatoka. Mimi nikabaki najichukia katikati ya mikeka ya watu.

Kesho yake asubuhi Mzee Mulipepe alikuja kwangu. Hakutaka kuketi, na kwetu mkubwa asipoketi ujue hajaja kunywa koko.

"Mwalimu, nasikia unamwandikisha shemeji yangu."

"Namfundisha, mzee. Kuandika anaandika mwenyewe."

"Ile barua ya kwanza ilikuwa nzuri. Kwa nini umeikataa?"

"Kwa sababu Ruta hayumo ndani."

Alisikia jina akageuza uso kuelekea baharini. Nilidhani atanifokea. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini. "Unadhani nilifunua mkeka kwa kuwa sikuumia? Nyuma ya nyumba yangu asubuhi ile palikuwa na vijana wetu, na kila mmoja ana panga. Walikuwa wananingoja mimi. Ningechelewa kidogo, tungezika zaidi ya mmoja. Nikatoka, nikaufunua mkeka kwa mikono yangu, na nilipouinua nikaona yule kijana amejikojolea. Nikasema yameisha. Sasa mnataka kuyaanzisha upya kwa penseli?"

"Hataki kuanzisha lolote. Anataka mwanawe atajwe."

"Atajwe kwa hasira?"

"Sijui, mzee. Hajaandika. Nami nimemfukuza."

Akanitazama kwanza, halafu akatikisa kichwa, nadhani alinionea huruma. "Basi Mungu atusaidie sote," akasema, akaondoka na fimbo yake.

Siku ya hukumu tulipanda lori la kamati, wanawake karibu wote, wamevaa nyeupe. Fuatino alikaa mbele karibu na dereva. Sikujua amebeba nini kwenye kile kikapu chake, na sikuwa na uso wa kumuuliza. Njia nzima nilikuwa naiona ile barua ya kwanza, na karani akiitafsiri, na mzungu akiitikia kwa kichwa.

Mahakamani upande wao waliketi kulia, sisi kushoto. Fereti alisimama kizimbani kavaa shati jeupe lililomzidi mabega. Alikuwa amekonda. Wakili wake alisoma habari zake: anaimba kwaya, hana kosa la zamani, ukoo wake umefanya ifoga na imepokewa. Mwendesha mashtaka akasoma ripoti ya polisi: mwendo wa gari, alama za matairi, mwanga wa jua wakati ule. Kila kitu kilikuwa sahihi. Ruta alikuwa "marehemu" mwanzo mpaka mwisho.

Kisha Fuatino akaitwa.

Alisimama, akatoa karatasi moja. Mulipepe alikuwa kiti cha mbele yangu, nikaona shingo yake imekakamaa. Fuatino hakumsalimu hakimu. Hakuomba radhi kwa karatasi. Mimi mwenyewe nilishtuka, maana kwetu hata mtoto hafungui mdomo mbele ya watu wazima bila salamu. Alisoma kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea darasani, pole pole, akimpa karani nafasi kila baada ya sentensi.

"Maelekezo ya kumtunza Ruta, miaka saba.

"Mwamshe kwa kumshika kidole gumba cha mguu. Usimwite, akiitwa usingizini hushtuka.

"Mpake mafuta ya nazi kwenye nywele kwanza, ndipo uchane. Anza chini. Ukianza juu atakuambia wewe ni mbaya. Usijali, hamaanishi.

"Gimbi mpe likishapoa. La moto atalimeza hivyohivyo, halafu alie.

"Akisema tumbo linamuuma siku ya shule, halimuumi. Akisema linamuuma Jumapili, linamuuma kweli, maana Jumapili kuna chakula kizuri.

"Akiimba, maneno ni ya kwake. Usimsahihishe.

"Anamwogopa jogoo wa Seluia. Mpitishe upande wa pili wa ua. Bahari haiogopi, kwa hiyo usiondoe macho."

Nyuma yangu Seluia alitoa mlio kama wa mtu aliyekanyagwa, akajiziba mdomo kwa khanga. Upande wa kulia mama mmoja wa kwao akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Hakimu alikuwa ameacha kuandika. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Hakumpandisha mwanawe wala hakumshusha. Alikuwa amepata mahali pa kumuweka, na si mimi niliyemwonyesha siku ile nilipomgombeza.

"Usimuahidi kitu usichonacho. Hasahau.

"Barabarani mshike kifundo cha mkono, si kiganja. Kiganja hukichomoa.

"Usimtume dukani baragumu likikaribia kulia."

Hapo akatua. Karani akatafsiri, akangoja. Fuatino aliitazama karatasi, na nikaona kwamba kilichofuata kilikuwa kimeandikwa, kikakatwa, kikaandikwa tena.

"Mimi nilimtuma," akasoma. "Kiberiti kilikuwa kimeisha. Ningeweza kuomba kwa jirani. Mimi nilimtuma."

Mulipepe aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kichwa cha fimbo yake. Kumbe wote tulidhani Fuatino ana hasira na Fereti, na mimi mwalimu wake nilimpigia kelele aseme "mimi" bila kujua ninamwambia aseme nini.

Akavuta pumzi, akamalizia.

"Akiumia hulia kidogo, halafu hunyamaza. Akinyamaza ndipo anaumia zaidi. Usiende mbali naye.

"Akiuliza mama yuko wapi, mwambie anakuja."

Akakunja karatasi. Karani alitafsiri sentensi ya mwisho nusu, akakohoa, akaitafsiri tena. Hakimu alitaka kusema neno, pengine la kumshukuru, lakini sauti iliyosikika ilitoka kizimbani.

"Aliuliza."

Wakili alimvuta Fereti mkono wa shati. Kijana hakugeuka. Alikuwa anamtazama Fuatino, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kutazamana, maana siku ya mkeka yeye alikuwa amefunikwa na mwenzake alikuwa nyumba ya nyuma.

"Aliuliza, mama. Tulipovuka daraja. Aliuliza mama yuko wapi. Polisi hawakuniuliza habari hiyo, na wazee walisema yameisha, tusiseme tena. Nilimwambia unakuja. Nilimwambia uko kwenye gari la nyuma yetu."

Fuatino alishika ukingo wa meza. Tangu msiba nilikuwa sijamsikia akimwuliza mtu yeyote swali lolote kuhusu jioni ile.

"Alikuamini?"

"Aliniamini. Hakuuliza tena. Alishika shati langu hapa," akajigusa ubavuni, "akawa anatazama dirisha la nyuma, akikungoja. Alisema jina lake, Ruta, bila mimi kumuuliza. Akasema nisimsemee kwako kwamba kiberiti kimemwagika. Sikwenda mbali naye, mama. Mpaka waliponiondoa hospitalini."

Fuatino aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepokea maelekezo na hataki kusahau hata moja. Mulipepe, ambaye kwa mila hagusani na mke wa mdogo wake mbele za watu, alikuwa ameshafika, akamshika.

"Ruta," akasema mzee yule, kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Ruta wetu."

Hakimu akauliza wamesema nini. Karani alikuwa amejifunika uso na hakuweza kumjibu. Basi nikasimama mimi, nikamtafsiria hakimu neno kwa neno, tangu daraja mpaka kiberiti, bila kuongeza kitu.